Umemnunulia Baiskeli ya Umeme, Umemfundisha?

Kama wewe ni wa mshahara kuingia tarehe 25 na kuaga tarehe 5, pole, tuko wengi. Mwezi huu sitaki tuongelee meseji za usiku wa manane wala mawifi. Nataka tuongelee kitu cha magurudumu mawili ambacho siku hizi kinaingia majumbani mwetu kikiwa kimefungwa utepe mwekundu: baiskeli ya umeme.

Ukikaa Dar es Salaam huhitaji kuuliza kwa nini watu wanaitaka. Foleni unaijua. Hela ya bodaboda ya kila siku unaijua pia, maana ukiijumlisha mwisho wa mwezi inatisha. Baiskeli ya umeme haitaki mafuta. Betri ya kawaida ya volti 36 na Ah 10 inabeba wati-saa 360, yaani kuijaza kunakula chini ya nusu uniti ya LUKU. Unafika kazini shati halijalowa jasho, na jioni mnaweza kwenda kupunga upepo ufukweni wawili wawili. Kwa kweli ni zawadi nzuri, nami naiunga mkono kwa mikono miwili.

Lakini nina swali moja kwa kina kaka na kina dada mnaonunuliana zawadi hizi. Umemnunulia, sawa. Umemfundisha lini?

Najua wengi mtajibu, "Aah, baiskeli anaijua tangu utotoni." Hapo ndipo ninapotaka tukae kitako.

SI ILE BAISKELI YA UTOTONI

Baiskeli ya kawaida inakwenda kwa nguvu zako tu. Ukiacha kukanyaga pedali, inaanza kuchoka nawe. Hii ina mota. Ukikanyaga kidogo, yenyewe inaongeza. Zipo zinazopima nguvu ya mguu wako na kukusaidia kwa kiasi kilekile. Nyingine, hasa za bei nafuu, zinaangalia kama pedali inazunguka tu. Ikizunguka, mota inasukuma, na hata ukiacha inaweza kuendelea kusukuma kwa sekunde moja hivi. Halafu zipo zenye kishikio cha kukamua kama pikipiki, ambazo hazikuulizi habari za pedali kabisa.

Pili, ni nzito. Nyingi zina kilo 20 na kitu, nyingine zaidi. Ikianza kulala upande ukiwa umesimama, si rahisi kuizuia kwa mguu mmoja, hasa kwa mtu mwembamba au mfupi.

Tatu, mwendo. Kule Ulaya baiskeli ya umeme ya kawaida inatakiwa mota iache kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa, na nguvu ya mota isizidi wati 250. Zinazofika kwetu nyingine zinapita hapo, kwa hiyo soma maelezo kabla ya kulipa. Kilomita 25 kwa saa zinasikika kama mchezo, lakini hesabu: ni karibu mita saba kila sekunde. Ukishtuka sekunde moja tu mtoto anapokatiza barabara, umeshakwenda mita saba kabla hujagusa breki. Na mtu aliyezoea kilomita 15 akienda 25, nguvu ya kugonga inakaribia mara tatu. Si mara mbili. Karibu mara tatu.

Unamkumbuka Simon Cowell, yule jaji wa mashindano ya vipaji kwenye televisheni asiyejua kumung'unya maneno? Agosti 2020 alianguka nyumbani kwake Malibu, California, akijaribu baiskeli mpya ya umeme. Alivunjika mgongo na akafanyiwa upasuaji. Hakuwa barabara kuu, alikuwa uani kwake. Ile yake ilikuwa na nguvu kuliko hizi zetu, ni kweli, lakini baadaye yeye mwenyewe aliwashauri watu wasome kitabu cha maelekezo kabla ya kupanda. Sasa kama mtu mwenye uwezo wa kuajiri mwalimu kwa kila kitu yalimkuta, wewe uliyekitupa kile kitabu pamoja na boksi uko upande gani?

ANAYEJUA NA ASIYEJUA

Nyumbani kwangu baiskeli hii aliileta mume wangu. Yeye amekulia Shinyanga juu ya Phoenix, kapakia magunia, kapakia wadogo zake, kaendesha bila kushika usukani. Mimi nimezaliwa Ilala, na zamani zile mtoto wa kike akipanda baiskeli mtaa mzima ulikuwa na la kusema. Kwa hiyo tuliianza, yeye ni fundi, mimi sifuri.

Mnajua nani alipata shida zaidi? Fundi.

Mtu aliyezoea Phoenix ana tabia moja: akisimama, mguu mmoja chini, mwingine unapumzika juu ya pedali, tayari kwa safari. Kwenye baiskeli ya umeme, mguu huo ukiibonyeza pedali kidogo tu, mota inaelewa kwamba unaondoka. Mara ya kwanza iliruka naye mpaka kwenye maua ya jirani. Mara ya pili aliingia kona kwa mwendo ambao miguu yake ilikuwa haijaufanyia kazi, macho yakachelewa, akaishia kwenye mchanga. Hakuumia, ila alikasirika. Mimi, kwa sababu sikuwa na mazoea ya kuyaacha, nilifuata maelekezo kama yalivyo.

Simchambui mume wangu kwa kumcheka, na ameniruhusu niandike haya. Ninachosema ni kwamba wazoefu ndio wa kuangaliwa zaidi. Asiyejua anaogopa, na woga wake unamfundisha. Anayejua anapanda moja kwa moja, tena mbele ya watu, na hataki kuambiwa.

MASOMO MANNE YA JUMAPILI

Sisi tulitenga asubuhi za Jumapili nne, kabla jua halijawa kali, kwenye uwanja mpana usio na magari. Siyo lazima ziwe nne. Wengine watahitaji mbili, wengine nane. Utaratibu ulikuwa hivi.

Jumapili ya kwanza, umeme umezimwa. Ndiyo, umezimwa kabisa. Unajifunza uzito wake: kuisukuma, kuigeuza, kupanda na kushuka, kuiegesha. Rekebisha tandiko mpaka ukikaa vidole vya miguu vyote viwili viguse chini. Baadaye ukizoea utalipandisha kidogo. Kisha ujue breki ipi ni ya wapi. Hapa msidhani. Uingereza breki ya mbele kwa kawaida huwa mkono wa kulia, Marekani huwa kushoto, na baiskeli zetu zinatoka pande zote za dunia. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, ubonyeze, uone.

Jumapili ya pili, washa umeme kwenye ngazi ya chini kabisa ya msaada. Kuna watu wanaanza na ngazi ya juu eti wapate raha. Raha itakuja. Kazi ya siku hiyo ni mbili tu: kuondoka na kusimama. Kabla ya kuondoka, vidole viwe kwenye breki. Ukisimama, miguu yote nje ya pedali au breki imeshikwa mpaka utakapotaka kuondoka. Kwenye baiskeli nyingi, ukibonyeza breki mota inakata yenyewe. Jaribu yako kama inafanya hivyo, usisubiri kuijua kwenye taa za Mwenge.

Jumapili ya tatu, breki na kona. Chora mstari chini kwa chaki, njoo na mwendo wa wastani, simama kabla ya mstari. Tumia breki zote mbili, uzikaze taratibu kwa kuongeza, mwili ukirudi nyuma kidogo. Ukiibana ya mbele peke yake kwa ghafla, unaweza kupita juu ya usukani. Kwenye kona, punguza mwendo kabla ya kuingia, siyo ukiwa katikati. Acha kukanyaga, angalia unakokwenda, siyo tairi. Shimo ukilikodolea macho utaliingia.

Jumapili ya nne, jicho la nyuma. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo hatari inayokupita iko kulia kwako. Jifunze kugeuza shingo juu ya bega la kulia bila usukani kuyumba, na kunyoosha mkono kuonyesha unakokwenda huku mwingine ukiidhibiti baiskeli. Mpaka hilo liwezekane mara kumi mfululizo, barabara yenye magari isubiri.

Na tafadhali, ewe unayefundisha: usikimbie pembeni ukipiga kelele, "Kanyaga! Breki! Siyo hivyo!" Sema jambo moja kwa wakati mmoja. Usimrekodi video akianguka. Usimwambie kwamba mke wa rafiki yako aliweza kwa siku moja. Ndoa nyingi zimebaki na kovu kwa sababu ya masomo ya kuendesha gari, tusiongeze jingine.

BARABARANI HAKUNA MAZOEZI

Tatizo la baiskeli ya umeme mjini ni kwamba madereva hawaijui. Dereva anamwona mtu kakaa wima, anakanyaga pole pole, akili yake inamwambia huyu anakwenda taratibu. Anakata mbele yako. Kumbe wewe uko kwenye 25. Kwa hiyo usiendeshe ukiamini umeonekana. Tafuta macho ya dereva. Usipoyaona, punguza.

Daladala likikupita halafu likabana kushoto, ujue linaingia kituoni. Usijipenyeze kati yake na abiria, kaa nyuma yake. Magari yaliyoegeshwa yaachie nafasi ya mlango kufunguka, kama mita moja. Njia ya mwendokasi siyo yako hata kama ni tupu na inakuita. Dimbwi baada ya mvua usilione ni maji, lione ni shimo ambalo hujui kina chake. Jioni taa iwe nyeupe mbele na nyekundu nyuma, hata kama mtaa una taa zake.

Halafu malori. Dereva wa lori hakuoni ukiwa karibu na ubavu wake wa kushoto. Akikata kona kushoto, tairi za nyuma hazifuati njia ya zile za mbele, zinakata ndani, pale pale ulipo wewe. Usijibanze kushoto kwa lori, hata kama limesimama kwenye taa. Kaa nyuma, mbali kidogo, lipite na safari zake.

Hapa ndipo mimi na mume wangu tulipofika pagumu. Yeye mpango wake tangu mwanzo ulikuwa kwenda kazini na kurudi kwa Barabara ya Mandela. Ndiyo fupi, imenyooka, na kwa hesabu zake angeokoa karibu saa nzima kwa siku. Nikamwambia hapana. Akasema, "Mama, mimi siyo mtoto." Nikasema najua.

Sijawahi kuandika hili kwenye safu yetu. Baba yangu mzazi aligongwa na gari akiwa juu ya baiskeli, akitoka kazini. Nilikuwa darasa la tano. Baiskeli ilirudishwa nyumbani jioni ile ikiwa haina hata mchubuko, kengele inalia vizuri. Baba hakurudi. Mama alituvusha wanne peke yake, na ile baiskeli hakuiuza, hakuruhusu mtu aipande, ikakaa ukumbini mpaka tairi zikaoza.

Mume wangu historia hiyo anaijua. Ila kuijua ni kitu kimoja na kuiweka kwenye hesabu ya dakika na nauli ni kitu kingine. Tulizungumza usiku ule mpaka saa saba. Hakuna aliyeshinda. Tulikubaliana hivi: anapita mitaa ya ndani, hata kama inamzidishia dakika ishirini na tano. Barabara kuu anavuka kwa miguu, baiskeli mkononi, pale wanapovuka watu. Mvua ikinyesha, daladala. Akifika, ananitumia meseji ya neno moja, "Nimefika." Nami kwa upande wangu nimekubali kutopiga simu kumi akiwa njiani, maana simu inayolia mfukoni mwa mtu aliye juu ya baiskeli nayo ni hatari.

Je, ananung'unika? Siku nyingine, ndiyo. Dakika ishirini na tano ni nyingi asubuhi. Lakini ndiyo makubaliano, na makubaliano mema si lazima yafurahishe kila siku.

NYWELE, DERA NA KOFIA

Kina dada, sasa tuseme ukweli. Umekaa saluni saa sita unasukwa, halafu mtu anakuletea kofia ngumu. Najua. Lakini kofia inayokaa juu ya fundo la rasta kama sahani juu ya kikombe haikulindi kitu. Ukijua unaendesha, suka mtindo unaolala nyuma, ufunge chini shingoni. Kofia ikae sawa, ukingo wake vidole viwili juu ya nyusi, mkanda ufungwe chini ya kidevu ubakize nafasi ya kidole kimoja au viwili. Ikishapigwa kwenye ajali moja, inunuliwe nyingine, hata kama ufa hauonekani.

Dera, baibui, mtandio na kanga ni vazi letu na hatuliachi, ila cheni na njiti za gurudumu hazina adabu. Vaa suruali au taiti ndani, kunja, bana kwa pini. Mkoba usining'inie kwenye usukani. Na wale wa kupakiana mishikaki, tafadhali. Kama baiskeli haikutengenezwa kubeba mtu wa pili, mapenzi yenu hayataongeza breki.

BETRI INALALA WAPI?

Safari haiishi ukifika nyumbani. Jijini New York, mwaka 2023, watu 18 walikufa kwa moto uliotokana na betri za lithiamu, aina hii hii inayotumika kwenye baiskeli na skuta za umeme. Jiji lile likaweka sheria ya kuzuia uuzaji wa zile ambazo hazijapimwa usalama.

Kwa hiyo, chaja iwe ile ile iliyokuja nayo, siyo ya kuazima kwa sababu tundu limeingia. Chaji ukiwa macho, siyo usiku mmelala. Usiweke betri mlangoni, hasa kama chumba kina mlango mmoja, maana ikiwaka mtapita wapi? Usiifunike kwa nguo, usiiweke chini ya kitanda, usiiache juani. Ikitoka kwenye jua kali au safari ndefu iache ipoe kwanza. Ikivimba, ikinuka au ikizamishwa kwenye maji, iondoe ndani na usiichaji tena. Fundi wa kuibandua na kuiunga kwa bei ya chee mwambie ahsante, siku nyingine.

ZAWADI YENYEWE NI IPI?

Siandiki haya ili mtu akaiuze yake. Mimi leo naendesha. Jumamosi asubuhi tunatoka wote wawili, yeye kwenye yake na mimi kwenye ya kuazima kwa wifi yangu, na nakwambia hakuna mtoko wa hotelini unaofikia ule. Unamsikia mwenzio akicheka nyuma yako, upepo unapita, simu ziko kwenye mkoba.

Ila nimejifunza kuitazama zawadi hii kwa jicho lingine. Baiskeli unanunua dukani kwa siku moja. Jumapili nne huzinunui popote, unazitoa kwenye maisha yako. Ukimpa mwenzio kitu chenye mwendo, mpe na muda wa kuuzoea. Akisema anaogopa, usimwite mshamba. Akisema barabara ile siitaki, usimjibu kwa hesabu ya nauli kabla hujamuuliza kwa nini. Na wewe uliyepewa, usione haya kusema, "Ahsante mpenzi, ni nzuri sana, sasa nifundishe."

Kama hiyo zawadi bado iko kwenye boksi, kitabu cha maelekezo kiko chini kabisa, chini ya zile karatasi za kuzuia kuvunjika. Kitoe leo. Kisomeni wote wawili.

Tukutane mwezi ujao panapo majaaliwa. Mpaka hapo pendaneni, na fungeni mikanda ya kofia.